Umekubaliwa, Lakini kwa Namna Gani?



Majuma machache yaliyopita mama mmoja wa mtaa wa Ndosho alinijia nyumbani baada ya Misa ya asubuhi. Mkononi alikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne, akazifungua juu ya meza polepole, kana kwamba ni kitu cha kuvunjika. "Mwalimu," akasema, "watoto wamekwisha kushangilia, na shangazi zake wamekwisha kupika. Walakini mimi moyo wangu haujatulia. Kijana wetu amekubaliwa kusoma masta huko Ubelgiji, na baba yake ataka kuuza kiwanja chetu cha Mugunga Jumamosi hii. Nisomee, tafadhali, uniambie kama ni kweli."

Nikasoma. Ilikuwa kweli. Chuo ni chuo cha kweli, jina la kijana limeandikwa sawasawa, na sahihi ipo. Lakini katika mstari wa tatu palikuwa na maneno mawili ya Kifaransa ambayo katika shangwe ile hakuna mtu aliyeyatazama: sous réserve. Maana yake ni kwamba amekubaliwa, endapo. Na baada ya "endapo" hiyo zilifuata aya tatu za masharti kwa herufi ndogo.

Nalimwambia yule mama akamwombe mzee wake angoje juma moja tu. Nitarudi kwa habari yao baadaye. Kwanza napenda tuzungumze juu ya barua hizi zenyewe, kwa maana kila mwaka vijana wetu waliomaliza lisansi katika Chuo Kikuu cha Goma, au ULPGL, au ISIG, au kwa ndugu zetu wa Bukavu na Butembo, huandika maombi ng'ambo na katika nchi jirani ili waendelee na masomo ya juu. Nao wanapopata jibu, jamaa nzima huuliza swali moja tu: Amekubaliwa au hakukubaliwa? Kumbe vyuo havijibu hivyo. Kati ya ndiyo na hapana viko vyumba vingi, na kila chumba kina mlango wake na gharama yake.

Chumba cha kwanza ndicho kila mtu akitakacho: kukubaliwa kikamilifu. Hapo chuo kimeona karatasi zote, kimeridhika na alama, na hakidai neno jingine ila kujiandikisha siku iliyotajwa na kulipa minervali. Uingereza huita barua hii isiyo na sharti, na ni baada ya kuipata tu ndipo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni hati ya kuombea viza. Hata hivyo jihadharini: barua hii, ijapokuwa kamili, si barua ya msaada wa masomo. Nimeona wazazi wakidhani kwamba chuo kikisema "twafurahi kukupokea" kimejitwika pia nauli, chumba na chakula. Hasha. Kukubaliwa ni jambo moja, fedha ni jambo la pili, na viza ni jambo la tatu, nayo hutolewa na watu watatu wasiojuana.

Chumba cha pili ni kukubaliwa kwa sharti, na hapo ndipo wengi wetu wanapoingia bila kujua. Barua za Kiingereza huandika "conditional" au "provisional". Za Kifaransa huandika "conditionnelle" au maneno yale mawili ya mama wa Ndosho. Masharti yenyewe hayafanani hata kidogo. Mengine ni mepesi kama unyoya, mengine yaweza kumrudisha mtu nyumbani.

Lililo jepesi ni sharti la karatasi. Chuo chasema: tumeona nakala, sasa tuonyeshe diploma yenyewe. Kwa mtoto wa Paris hilo ni kazi ya asubuhi moja. Kwetu sivyo. Mwanafunzi wa Kongo akimaliza hupewa kwanza attestation, ile karatasi ya kuthibitisha kwamba amefaulu, na diploma yenyewe hufuata nyuma, pengine kwa miaka. Diploma za vyuo visivyo vya serikali sharti zipitishwe na tume ya Kinshasa. Mwisho wa Januari 2025, mji wetu ulipotwaliwa na M23, uwanja wa ndege ukafungwa na mabenki yakafunga milango. Bahasha ya kwenda Kinshasa ilikosa njia iliyonyooka, na mzazi aliyetaka kulipa ada ya ng'ambo ilimbidi avuke mpaka hadi Gisenyi. Wengine wana taabu ya zamani zaidi: diploma zao ziliungua pamoja na nyumba katika lava ya tarehe 17 Januari 2002. Basi sharti ambalo karani wa Ulaya aliliandika bila kufikiri laweza kuwa mlima kwetu. Dawa yake ni kuandika mapema, kueleza hali kwa ufupi na bila kilio kirefu, kuambatanisha attestation yenye muhuri, na kuomba tarehe ya mwisho isogezwe. Vyuo vingi husogeza kwa anayeomba kabla ya tarehe; anayeomba baada yake husikilizwa kwa shida.

Sharti la lugha ni la namna nyingine. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la tatu ataombwa na Kampala, Nairobi au London aonyeshe cheti cha Kiingereza. Marekani jambo hili lina meno zaidi. Tangu mwaka 2016 serikali yao imeziagiza shule zisimpe mwanafunzi fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hapati viza ya masomo, mpaka awe ametimiza masharti yote ya kozi aliyoiomba. Akiwa bado ana deni la lugha, aweza kupewa fomu ya kozi ya lugha peke yake, si ya masta. Ndiyo kusema barua ya sharti kutoka Marekani haimfikishi mtu kwenye masta hata kidogo. Ni ahadi tu, na ahadi haipigiwi muhuri ubalozini.

Sasa nafika penye kiini cha mambo, na hapo naomba wanafunzi wanisikilize vizuri kuliko wazazi.

Nchi yetu imebadilisha majina ya shahada zake. Zamani kijana alisoma graduati miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Jumla miaka 5. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta utaratibu mpya unaoitwa LMD, nao ulienezwa katika vyuo vyote tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Katika utaratibu huu lisansi ni miaka 3 yenye krediti 180, na masta ni miaka 2 yenye krediti 120. Tazameni mtego uliopo! Neno ni lile lile, lisansi, lakini lile la zamani ni la miaka 5 na hili jipya ni la miaka 3. Karani aliye Leuven au Montréal akiona neno hilo peke yake, atahesabu miaka 3. Na kama kijana amepeleka karatasi za alama za miaka miwili ya mwisho tu, kwa kuwa ndizo zinazoitwa za lisansi, karani ataona miaka 2, naye atasema: huyu hajatimiza.

Ndipo hutoka sharti la masomo ya nyongeza. Katika vyuo vya Kifaransa vya Ubelgiji, sheria yaruhusu kumdai anayeingia masta krediti za nyongeza hadi 60. Nazo krediti 60 ni mwaka mzima. Tufanye hesabu kama tufanyavyo sokoni Birere. Masta ni krediti 120, yaani miaka 2. Ukiongeza 45, zawa 165, na mwanafunzi wa kawaida hufanya 60 kwa mwaka. Miaka miwili imekwisha kuwa karibu mitatu. Mzazi aliyeuza kiwanja kwa hesabu ya miaka miwili, mwaka wa tatu atauza nini?

Lipo na jambo la alama. Kwetu, katika utaratibu wa zamani, asilimia 50 hadi 69 iliandikwa Satisfaction, na 70 hadi 79 Distinction. Sisi sote twajua jinsi ilivyo vigumu kuipata Distinction hiyo. Katika madarasa mengi wanaoipata huhesabika kwa vidole. Lakini Mmarekani akiona 65 juu ya 100, kwake hiyo ni alama ya mvivu. Hajui kwamba aliyepata 65 alikuwa wa pili katika darasa lake. Na atajuaje, kama hakuna aliyemwambia? Mwombeni katibu mkuu wa masomo wa chuo chenu karatasi moja ya ziada, yenye muhuri, inayoeleza daraja za alama za Kongo, idadi ya wanafunzi wa darasa, na nafasi ya mwombaji kati yao. Kama mlisoma katika utaratibu wa zamani, karatasi hiyo itamke wazi kwamba lisansi hiyo yafuata graduati, na kwamba miaka yote ni 5. Pelekeni alama za miaka yote mitano. Nimeona karatasi moja ya namna hiyo ikifanya kazi kuliko barua tano za sifa zilizoandikwa na wakubwa.

Kwa sababu ya alama hizo, vyuo vya Marekani pengine humpokea mtu kwa majaribio. Huyu huingia darasani kama wengine, hulipa kama wengine, lakini muhula wa kwanza ni mtihani wake. Aghalabu hudaiwa wastani wa 3.0 juu ya 4. Namkumbuka kijana mmoja niliyemfundisha sekondari, mwenye akili nyingi, ambaye miaka kadhaa iliyopita alikwenda kwa barua kama hiyo. Alidhani muhula wa kwanza ni wa kuzoea baridi na chakula. Akapata 2.7. Kwa mwanafunzi wa kawaida hiyo ingalikuwa onyo tu. Kwake ilikuwa mwisho. Aliporudi likizo ya lazima alinionyesha barua yake ya kwanza, na sharti lilikuwa pale pale, katika ukurasa wa pili. "Mwalimu," akaniambia, "ukurasa wa pili nalidhani ni wa anwani na simu."

Msidhani kwamba sharti ni tusi kwa Waafrika. Chuo cha Lovanium kilipofunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, hapa hapa katika nchi yetu, kilikuwa na mwaka wa maandalizi kwa vijana ambao sekondari zao zilihesabiwa kuwa hazijafikia kipimo cha chuo kikuu. Wengi waliopita katika mlango huo wa nyuma walitoka kwa mlango wa mbele. Na jirani zetu wa Makerere, chuo cha tangu mwaka 1922, humwandikia kwa kawaida atafutaye udaktari kwa njia ya utafiti kwamba amekubaliwa kwa muda, awe Mganda au Mkongo; hukubaliwa kikamilifu baada ya andiko lake la utafiti kupitishwa. Hapo sharti si shaka juu ya mtu, ni utaratibu wa nyumba. Lakini mtu huyo naye akumbuke kwamba muda una mwisho, na kwamba andiko lisilopita humwacha nje na ada yake imekwisha kulipwa.

Vyumba vingine tuvipitie upesi.

Kuna mwanafunzi asiyetafuta shahada. Chuo kimempa ruhusa ya kusoma somo moja au mawili, na kufanya mtihani, bila kumwandikisha katika masta. Kwa mwalimu au muuguzi mwenye kazi yake, atakaye kuongeza maarifa, hilo ni jema. Kwa kijana anayedhani ameanza masta ni hasara, kwa maana chuo chaweza baadaye kumhesabia krediti chache tu kati ya alizozipata, au hata moja asimhesabie. Barua ya namna hii hujulikana kwa jambo moja: haitaji jina la shahada yoyote. Itafuteni. Kama jina la shahada halimo, ulizeni.

Kuna orodha ya kungojea. Huyo hakukataliwa, nafasi zimejaa, naye atapata kama mwingine akiacha. Vyuo vingi vya Marekani vimeafikiana kwamba mwanafunzi aliyeahidiwa fedha asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Kwa hiyo mara nyingi orodha husogea karibu na siku hiyo. Mwenye kungojea na aandike mistari mitatu kusema kwamba bado anataka nafasi, kisha aendelee na shughuli zake. Asiache kazi.

Na kuna kuahirisha. Aliyekubaliwa kikamilifu, kisha akapatwa na ugonjwa au vita, aweza kuomba kiti chake kitunzwe, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Vijana wetu kadhaa mwaka 2025 walikuwa na haki ya kuomba hivyo, nao hawakuomba kwa sababu hawakujua. Walinyamaza tu kwa aibu, na chuo kikadhani wamekataa. Ukimya katika barua za chuo huhesabiwa kuwa hapana. Kumbukeni pia kwamba kiti chaweza kutunzwa na msaada wa fedha usitunzwe.

Neno moja juu ya makomisioneri. Wapo mjini petu watu wanaouza "admission" kama wauzavyo simu, wakidai dola mia tatu au mia tano kwa barua moja. Barua nyingine huwa ni za uongo mtupu. Lakini zile za kweli zaweza kudhuru zaidi, kwa kuwa komisioneri hukupa ukurasa wa kwanza tu. Barua ya chuo hutoka kwa chuo, nayo huingia katika sanduku la mwombaji mwenyewe. Kama nywila ya sanduku lile anayo komisioneri, basi si wewe uliyekubaliwa, ni yeye.

Sasa turudi Ndosho. Baba wa kijana, nasema kwa sifa yake, alingoja. Jumanne jioni tuliketi sote wanne mezani kwao: baba, mama, kijana na mimi. Nikamwuliza kijana alipeleka karatasi gani. Akajibu kwamba alipeleka alama za lisansi ya kwanza na ya pili. "Na za graduati?" Akanitazama. "Mwalimu, wameomba lisansi." Alimaliza mwaka 2022, katika utaratibu wa zamani, alikuwa na miaka mitano kamili, naye alikuwa amejinyang'anya mitatu kwa mkono wake mwenyewe. Masharti matatu ya barua yalikuwa haya: krediti 45 za nyongeza, diploma yenyewe, na uthibitisho wa fedha za mwaka wa kwanza.

Baba yake alikaa kimya kitambo, kisha akauliza swali ambalo naliona kuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa jioni ile: "Je, barua hii yaweza kujibiwa?" Wengi wetu hatuwazi hivyo. Barua yenye muhuri kwetu ni kama hukumu. Naam, yaweza kujibiwa! Aliyeiandika ni karani mwenye anwani, na mara nyingi jina lake liko chini.

Kijana aliandika usiku ule, akapeleka alama za graduati zote tatu, na siku chache baadaye akapeleka karatasi ya katibu mkuu wa masomo inayoeleza miaka mitano na daraja za alama. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja. Krediti za nyongeza zimepunguzwa kutoka 45 hadi 15, nazo, wamesema, zaweza kufanywa ndani ya miaka miwili pamoja na masomo mengine kama mwanafunzi ana bidii. Mama alicheka, baba hakucheka. Alichukua kalamu akaanza kuhesabu upya nyuma ya bahasha.

Sharti la diploma lingaliko. Kijana ana attestation tu, na diploma yake imo katika safari ya Kinshasa ambayo hakuna aijuaye mwisho wake. Ameomba chuo kimwongezee muda, wamempa hadi tarehe 30 Septemba. Mjomba wake aliye Kinshasa hupita ofisini mara moja kila juma kuuliza. Kiwanja cha Mugunga hakijauzwa, wamepanda maharage.